Mafuta yaingie ndani ya pini: kuosha na kulainisha cheni ya pikipiki Mwanza

Cheni nyingi za bodaboda hapa Mwanza zimelowa mafuta nje, ndani ni kavu. Kwa mbali unaona cheni nyeusi inayong'aa, unasema hii imetunzwa. Ifute kwa tambara, kisha kunja kiungo kimoja kwa vidole huku ukisikiliza: kinakwaruza. Pembeni mwa pini, kile kijiti cha chuma kinachounganisha viungo, pale kibao (bamba la ubavuni) cha nje kinapogusana na cha ndani, kuna unga mwembamba wa rangi ya matofali. Unga huo ni kutu na chuma kilichosagika. Umetoka ndani ya kiungo, na grisi utakayobandika juu yake haitaufikia ulikotoka.

Karibu kila kitu kuhusu matunzo ya cheni kinaanzia hapo. Panapohitaji mafuta ni ndani, kati ya pini na bushi (kijibomba ambamo pini inazunguka), na mlango wa kufika huko ni mwanya mwembamba sana kati ya vibao viwili. Ukiosha, unaosha ili mwanya huo ufunguke. Ukitia mafuta, unalenga mwanya huo. Cheni kung'aa kwa nje si kipimo cha chochote.

Boxer 150, TVS HLX, Honda CG 125 na pikipiki nyingi za Kichina zinazopanda Bugarika na Isamilo kila siku hutumia cheni namba 428. Ile 4 ya mwanzo inamaanisha sehemu 4 kati ya 8 za inchi, yaani nusu inchi au milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Tarakimu zinazofuata zinahusu upana wa ndani, ambao ni karibu milimita 8. Ukiona 428H, vibao vyake ni vinene zaidi, na kwa kazi ya mizigo hiyo ndiyo ya kununua. Kila kiungo kina pini inayozunguka ndani ya bushi, na juu ya bushi kuna rola inayokaa kwenye jino la sproketi, yaani gurudumu la meno linalobeba cheni: dogo liko kwenye injini, kubwa kwenye gurudumu la nyuma. Kwa hiyo kuna nyuso mbili za kusuguana: pini na bushi, kisha bushi na rola. Ya kwanza ndiyo inayoua cheni.

Watu husema cheni imevutika. Vibao havivutiki kirahisi hivyo. Kinachotokea ni kwamba pini inalika upande mmoja na bushi inalika ndani, nafasi inaongezeka. Kila kiungo kikilika milimita 0.1 tu, cheni ya viungo 120 imerefuka milimita 12, na tayari umeshazungusha nati za kukazia cheni mara kadhaa bila kujua kwa nini hailingani na ya mwezi uliopita. Kupima ni rahisi. Ikaze cheni kwa mkono, hesabu nafasi 20, yaani kutoka katikati ya pini ya 1 hadi katikati ya pini ya 21. Ikiwa mpya utapata milimita 254. Ikifika 259 imekwisha, hata kama nati za kukazia bado zina nafasi. Kwa pikipiki ya mizigo na vilima, mimi ningeibadilisha ikifika 257, maana hapo inaanza kuyala meno ya sproketi nayo.

Mji wetu una ugumu wake. Vilima vya Mwanza ni mawe ya graniti, na graniti ikimomonyoka inaacha chembe za kwatzi, ngumu kuliko chuma cha kawaida. Ndizo zinazokwaruza miguu ukitembea kwenye njia za Mabatini baada ya mvua. Za vuli zikianza Oktoba, maji yanashusha mchanga huo kutoka juu na kuutandaza kwenye lami, tairi la nyuma linaurusha kwenye cheni. Mchanga ukikutana na mafuta mazito unapatikana unga wa kusagia, sawasawa na ule fundi anaotumia kusagia valvu, isipokuwa huu unafanya kazi mchana kutwa bila mtu kuusimamia. Maji ya Ziwa Victoria yenyewe ni baridi, hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo hatupati kutu ya Dar es Salaam. Ila kuna wanaobeba kayabo kutoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Sangara aliyetiwa chumvi anachuruzika, na maji yake yakishuka ubavu wa kushoto yanaangukia cheni moja kwa moja. Ukibeba kayabo leo, cheni inamwagiwa maji safi na kutiwa mafuta leo hii hii. Ukiiacha ilale na chumvi, asubuhi vibao vina rangi ya chungwa.

Kabla ya kugusa kitu, jua cheni yako ni ya aina gani. Itazame kwa ubavu. Ukiona viringi vyembamba vya mpira mweusi kati ya vibao, ni cheni ya mipira, inayopatikana zaidi kwenye pikipiki kubwa. Hiyo grisi yake ilifungiwa ndani kiwandani, na kazi yako ni kuilinda mipira isikauke wala isichanike: usitumie petroli, usitumie brashi ya waya, usiiloweke usiku kucha. Usipoona mipira, una cheni ya kawaida kama bodaboda wengi, na hiyo haina akiba yoyote ya mafuta ndani zaidi ya yale unayoitilia wewe.

Sasa kazi yenyewe. Utahitaji mafuta ya taa kama mililita 250, brashi ya nywele ngumu au mswaki wa zamani, matambara matatu, bomba la sindano la mililita 10, beseni au sahani pana ya kukinga, na oili. Dizeli inaweza kushika nafasi ya mafuta ya taa, ila inachelewa kukauka. Petroli iache kwenye tangi. Mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo sana, na unaposugua cheni umeinama uso ukiwa karibu kabisa na kazi.

Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, gia iwe nyutro, injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni. Hili la ufunguo nalisema kwa uzito. Kuna mtindo wa kuwasha injini, kutia gia ya kwanza na kuacha cheni ijizungushe huku mtu ameshika tambara. Tambara likinaswa kati ya cheni na sproketi, vidole vinafuata kabla hujafikiri kuliachia, na injini haisimami kwa sababu ya kidole. Gurudumu zungusha kwa mkono, tena lirudishe nyuma. Likizungushwa kwenda mbele, cheni ya chini inaingia kwenye sproketi kubwa, yaani inavuta tambara kuelekea kwenye meno. Likirudishwa nyuma, cheni ya chini inatoka kwenye meno, na mkono wako upo upande salama.

Anza na sproketi ndogo. Wengi huiruka kwa sababu imefichwa nyuma ya kifuniko cha kushoto cha injini. Fungua bolti zake na utakuta tope zito la mafuta na mchanga limejaa kote, wakati mwingine limegandana kiasi kwamba cheni imejichongea njia katikati yake. Lichokoe na kijiti au bisibisi kabla ya kutia mafuta ya taa hata tone moja. Ukiliacha, utaosha cheni vizuri kisha itapita hapo na kuchafuka upya ndani ya mita 100. Ukiwa hapo, angalia shafti sproketi ilipofungwa. Kama kuna oili mbichi inayochuruzika, sili ya shafti imechoka, na mara nyingi cheni iliyokazwa kupita kiasi ndiyo iliyoichosha.

Kisha lowesha brashi kwenye mafuta ya taa na usugue cheni ya chini, kipande cha kiganja kimoja kwa wakati: ndani, nje, juu, chini. Sugua upande wa ndani zaidi ya ule unaoonekana. Tumia kama mililita 150 kwa mzunguko wa kwanza, futa kwa tambara, kisha rudia kwa mililita 100 zilizobaki ambazo ni safi. Mzunguko wa pili ndio unaoosha kweli, kwa kuwa ule wa kwanza unalainisha tu uchafu na kuuhamisha. Kinga beseni chini, na ziba tairi na breki kwa tambara. Mafuta ya taa yakiingia kwenye ngoma ya breki, viatu vya breki vinateleza.

Kwa cheni ya kawaida iliyochafuka sana, dawa bora ni kuitoa. Itoe klipu ya kiungo cha kuungia cheni kwa plaizi, lakini kabla ya kuichomoa cheni yote, unganisha ncha yake na kipande cha cheni ya zamani, uivute hadi hiyo ya zamani ichukue njia kwenye sproketi ndogo. Hivyo wakati wa kurudisha hupati shida ya kupitisha. Iloweke kwenye kopo la mafuta ya taa kwa nusu saa, itikise, mwaga, rudia mpaka yatoke bila weusi. Itundike ikauke. Utakaporudisha klipu, upande wake uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda, uwazi uelekee nyuma. Ukiigeuza, ikigonga kitu inasukumwa itoke, na cheni inayokatika ukiwa mteremkoni inaweza kujikunja mbele na kupasua ganda la injini au kufunga gurudumu.

Mashine za presha za kuoshea magari zielekeze kwenye rimu na madigadi, cheni iache. Presha inasukuma maji na mchanga ndani ya ule mwanya tunaotaka uwe na mafuta, na hakuna tambara linaloweza kuyafuata huko. Pikipiki ikishaoshwa hivyo, endesha dakika 10 maji yatoke, kisha tia mafuta siku hiyo hiyo.

Kuhusu oili gani, ubishi wa vijiweni hauishi. Vitabu vya pikipiki ndogo kwa kawaida vinataja oili ya gia, SAE 90 au 80W-90, na ni chaguo zuri kwa sababu imetengenezwa kwa vyuma vinavyobanana kwa nguvu. Namba 90 inawadanganya wengi wakadhani ni nzito mara mbili ya oili ya injini. Vipimo vya oili za gia na vya injini ni mizani mbili tofauti. SAE 90 ya gia ikiwa ya moto inakaribiana kwa uzito na oili ya injini ya 40 au 50. Kwa hiyo kama huna ya gia, 20W-50 mpya iliyobaki kwenye kopo baada ya kubadilisha oili inatosha kabisa. Neno la msingi ni mpya. Oili chafu iliyotoka kwenye injini ina vumbi la chuma, masizi na tindikali, na kuitia kwenye cheni ni kuuondoa mchanga wa Mabatini na kuweka wa injini. Isitoshe, si salama kwa ngozi ya mtu anayeishika kila siku.

Grisi je? Grisi haipiti kwenye mwanya. Inakaa nje, inashika mchanga, na inazuia oili utakayotia baadaye isiingie. Hapo ndipo zinapotoka zile cheni zinazong'aa nje na kukwaruza ndani. Grisi inafaa kwa njia moja tu, ile ya zamani ya kuiyeyusha taratibu na kuizamisha cheni iliyooshwa na kukauka ndani yake mpaka mapovu yaishe, na kazi hiyo si ya kufanya kwenye jiko la mkaa la nyumbani. Dawa nyepesi za kupuliza za kufukuza maji, zile za kopo lenye mrija, ni nzuri kutoa maji baada ya mvua, lakini ni nyepesi mno kuwa mafuta ya cheni. Spreyi ya cheni yenyewe ni safi na hairuki sana. Ukiimudu bei, itumie. Kwa cheni ya mipira ningeipendelea, ikiwa imeandikwa kwamba inafaa kwa cheni hizo.

Kiasi hakizidi kijiko kimoja cha chakula, mililita 10 hadi 15, kwa cheni nzima. Vuta oili kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, lala chini au chutama uione cheni ya chini kwa upande wake wa ndani, ule unaotazama juu kuelekea tairi. Tia tone kwenye ukingo, pale kibao cha ndani kinapolala juu ya kibao cha nje. Subiri kidogo na utazame. Kwenye cheni safi utaona tone linatulia, kisha linapungua taratibu kama linanyonywa, linabaki doa tu. Limeingia. Likikaa juu bila kwenda popote, mwanya bado umezibwa na uchafu, rudi kwenye brashi. Pita mstari wa kulia cheni nzima, kisha mstari wa kushoto, halafu mzunguko mmoja mwepesi katikati kwa ajili ya rola. Unatia upande wa ndani kwa sababu cheni ikizunguka kwenye sproketi, mafuta yanarushwa kuelekea nje, kwa hiyo yanapita ndani ya kiungo kabla ya kutoka. Ukitia upande wa nje, yanaruka moja kwa moja na kuishia kwenye rimu na suruali ya abiria.

Wakati mzuri ni jioni baada ya kazi. Cheni ina joto, oili inakuwa nyepesi na kupenya. Pia ina usiku mzima wa kutulia. Asubuhi futa nje kwa tambara kavu mpaka vibao vikauke. Hatua hii watu huiona ni kupoteza mafuta waliyoyanunua, lakini mafuta ya nje hayafanyi kazi nyingine zaidi ya kuzuia kutu, na kwa hilo utando mwembamba unatosha.

Mara ngapi? Kilomita 500 ni kipimo kizuri wakati wa kiangazi. Anayezunguka kilomita 100 kwa siku anazifikisha kwa siku 5. Mvua ikinyesha, usihesabu kilomita, tia mafuta jioni ya siku hiyo. Kuosha kwa mafuta ya taa si lazima kila mara. Mara moja baada ya kutia mafuta mara mbili au tatu inatosha, isipokuwa umepita kwenye tope la Usagara au Kisesa.

Baada ya kuosha, pima mlegezo, maana uchafu ulioondoka ulikuwa umejaza nafasi. Katikati ya cheni ya chini, isukume juu na chini kwa kidole: jumla iwe milimita 20 hadi 30 kwa pikipiki nyingi za aina hii, au kama kitabu au kibandiko cha pikipiki yako kinavyosema. Zungusha gurudumu na upime sehemu nne tano. Cheni iliyochakaa hailiki sawasawa, kuna sehemu itakuwa imekaza zaidi, na hiyo iliyokaza ndiyo unayoifuata. Hapa wapakiaji wa mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, wasikilize vizuri. Watu wakikaa, sehemu ya nyuma inashuka, ekseli inakaribia kulingana na sproketi ndogo, na cheni inakaza zaidi ya ilivyokuwa ikiwa tupu. Aliyeikaza mpaka haichezi akiwa peke yake, akipakia wawili na gunia anaivuta shafti ya gia na beringi za gurudumu kila anapopita kwenye shimo.

Kurekebisha, legeza nati kubwa ya ekseli, na kwenye pikipiki zenye nati ya pili upande wa sproketi, ilegeze nayo. Zungusha nati za kukazia robo kwa robo, kulia na kushoto sawa, ukifuata alama zilizochorwa kila upande. Alama zisipolingana, gurudumu linakaa mshazari na sproketi inalika ubavu mmoja. Kaza ekseli, pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe hubadilisha mlegezo. Kisha kanyaga breki ya nyuma na urekebishe fimbo yake kabla ya kuondoka: gurudumu likirudi nyuma, breki nayo inabadilika.

Cheni ikifika mwisho wa nafasi ya kukazia, utasikia ushauri wa kukata pini. Fundi anatoa kiungo cha ndani na cha nje, cheni inafupika, inakaza, na unalipa fedha kidogo. Lakini nafasi kutoka pini hadi pini bado ni ile iliyolika. Rola hazikai tena chini kwenye bonde la jino, zinapanda juu na kulivuta, mpaka meno yanakuwa na kona kama ndoana. Vuta cheni kwa nyuma ya sproketi kubwa: ukiona zaidi ya nusu ya jino limeachwa wazi, cheni na sproketi zote mbili zinabadilishwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyopinda inachakaa haraka, na fedha imekwenda.

Neno kuhusu kava. Boxer na HLX nyingi hutoka dukani na kava inayofunika cheni, na nyingi mjini zimeshaivua, eti inapiga kelele. Mara nyingi kinachopiga kelele ni cheni iliyolegea inayogonga kava. Kaza cheni na bolti zake, kelele itakoma. Kava inazuia mchanga kwa kiasi ambacho hakuna oili itakayokifikia, na inazuia kanga na dera la abiria visinaswe. Kama kava yako ina kifuniko kidogo cha mpira, hapo unaweza kupima mlegezo na kutia mafuta ya katikati ya wiki bila kuifungua yote.

Mafuta ya taa yaliyotumika usiyamwage mferejini wala usifanye kazi hii ufukweni. Mifereji ya Mwanza inateremka ziwani, na mji unakunywa maji ya ziwa hilo hilo, mengine yakivutwa pale Capri Point. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kuchafua ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Yatie kwenye chupa, andika juu yake mtoto asije akadhani ni maji, na iache itulie siku mbili tatu. Mchanga na weusi vitashuka. Yale ya juu yamimine taratibu kwenye chupa nyingine, yatafaa kwa mzunguko wa kwanza wa kuosha safari ijayo. Tope lililobaki chini lipeleke gereji wanakokusanya oili chafu kwenye pipa.